Pumzi ya Injini na Afya ya Sikio: Kazi ya Rizoneta katika Magari ya Nyanda za Juu Kusini

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Tunduma hupanda mlima wa Kitonga kabla ya kufika Ilula na Iringa. Kutoka hapo huendelea kupitia Mafinga, Makambako na Igawa hadi Uyole na jiji la Mbeya. Katika miinuko hiyo madereva wa malori, mabasi na magari madogo hulazimika kukanyaga mafuta kwa muda mrefu, na ndipo sauti ya injini inapokuwa kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa safari. Wengi huamini kuwa sauti yote hiyo hutoka katika ekzosi. Kwa kweli injini ina midomo miwili: mmoja hutoa moshi, mwingine huvuta hewa, na huo wa kuvuta hewa nao ni chanzo kikubwa cha kelele.

Watengenezaji wa magari hulifahamu jambo hilo. Ndiyo maana katika njia ya hewa ya magari mengi madogo, karibu na boksi la ea klina, huwapo chumba kimoja au viwili vya plastiki ambavyo havipitishi hewa kwenda popote. Chumba hicho huitwa rizoneta. Kwa kuwa gari huendelea kutembea hata kikiondolewa, baadhi ya mafundi na wamiliki hukiona kuwa mzigo usio na faida. Kikipasuka hutupwa, na wakati mwingine hung'olewa kikiwa kizima ili gari lipate mngurumo wa kuvutia. Makala haya yanaeleza kazi ya chumba hicho, uhusiano wake na afya ya sikio, na hatua zinazofaa kuchukuliwa na dereva, fundi, mgonjwa na mhudumu wa afya.

Injini inavyopumua

Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Valvu ya kuingizia hewa inapofunguka, pistoni hushuka na hewa hukimbilia ndani. Valvu inapofunga, mkondo huo wa hewa husimamishwa ghafla. Kwenda na kusimama huko huzaa mapigo ya mgandamizo, nayo husafiri kinyumenyume katika bomba la hewa hadi nje. Mapigo hayo ndiyo sauti.

Idadi ya mapigo kwa sekunde, yaani masafa ya sauti, hupimwa kwa hezi. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huvuta hewa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo sauti yake kuu huwa ya hezi 100. Injini ya lori yenye silinda sita inayozunguka mara 2,000 kwa dakika hutoa pia hezi 100. Hiyo ni sauti nzito, ile inayosikika kama mngurumo na kuhisiwa kifuani. Juu yake huongezeka sauti nyembamba zaidi: mvumo wa hewa inayopita kwa kasi, na katika injini zenye turbo, mluzi wa feni yake.

Katika injini ya petroli kuna kilango kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Kilango kikiwa kimefungwa kwa sehemu kubwa, huzuia pia kelele isitoke. Kikiwa wazi kabisa, kelele hupata njia. Hapa jiografia ya Nyanda za Juu Kusini ina mchango wake. Iringa ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Mbeya takribani mita 1,700. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 hadi 85 tu ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo hupata hewa pungufu na hupoteza nguvu, hivyo dereva hukanyaga zaidi ili apate mwendo ule ule. Kilango hukaa wazi kwa muda mrefu zaidi, na mdomo wa hewa hunguruma zaidi. Injini nyingi za dizeli hazidhibitiwi kwa kilango cha namna hiyo. Njia yao ya hewa iko wazi wakati wote.

Chombo kilichoanzia kwa daktari

Asili ya rizoneta haiko katika viwanda vya magari. Hermann von Helmholtz, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1821 na kufariki mwaka 1894, alikuwa daktari aliyewahi kuhudumu kama mpasuaji wa jeshi na baadaye profesa wa fiziolojia. Madaktari wa macho humkumbuka kwa kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho alichokitangaza mwaka 1851. Katika utafiti wake kuhusu usikivu, uliochapishwa mwaka 1863, alitumia mapira matupu yenye matundu mawili: tundu moja lilipokea sauti, na jingine liliingizwa sikioni. Kila pira liliitikia sauti ya masafa yake tu na kuyanyamazia mengine. Kwa njia hiyo aliweza kuonyesha kuwa sauti moja ya ala ya muziki au ya binadamu ni mchanganyiko wa sauti nyingi.

Kanuni hiyo inaweza kujaribiwa nyumbani. Anayepuliza juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda husikia sauti moja thabiti. Akiongeza maji ndani ya chupa, sauti huwa nyembamba zaidi, kwa sababu nafasi ya hewa imepungua. Hewa iliyomo shingoni mwa chupa hufanya kazi kama uzito mdogo, na hewa iliyomo tumboni hufanya kazi kama springi. Uzito ukisukumwa, springi hubanwa kisha huurudisha, na mchezo huo hujirudia kwa masafa yanayotegemea mambo matatu: upana wa shingo, urefu wa shingo na ukubwa wa tumbo. Chombo huitikia kwa nguvu zaidi pale sauti inapokuja kwa masafa yake yenyewe, kama bembea inayopanda juu inaposukumwa kwa wakati wake.

Jinsi rizoneta inavyonyamazisha

Katika gari, chupa hiyo hufungwa ubavuni mwa bomba la hewa. Wimbi la sauti linapotoka kwenye valvu na kufika mlangoni mwa rizoneta, husukuma hewa ya shingoni iingie chumbani. Hewa ya chumbani hubanwa, kisha hurudisha msukumo kinyume na wimbi linalopita. Katika masafa ambayo chumba kimetengenezewa, msukumo huo wa kurudi hukaribia kulifuta wimbi lenyewe, na sehemu kubwa ya nishati ya sauti hurudishwa kuelekea injini badala ya kutoka nje. Hewa inayohitajika na injini huendelea kupita bila kizuizi, kwa maana haipiti ndani ya chumba bali mbele ya mlango wake. Kwa sababu hiyo, kuondoa rizoneta ya ubavuni hakuifungulii injini njia ya hewa iliyokuwa imezibwa.

Hesabu yake inaonyesha kwa nini chumba hicho si kidogo. Ili kunyamazisha hezi 100 kwa shingo yenye kipenyo cha sentimita 4 na urefu wa sentimita 8, huhitajika chumba cha karibu lita 5, sawa na dumu dogo la mafuta ya kula. Ili kushusha masafa hayo hadi nusu bila kubadili shingo, chumba huhitaji kuwa kikubwa mara nne. Kwa sauti nyembamba zaidi hutumika pia bomba lililozibwa upande mmoja, ambalo urefu wake ni robo ya urefu wa wimbi: kwa hezi 400 bomba la sentimita 21 linatosha.

Rizoneta ina mipaka yake. Huzuia vizuri masafa machache tu karibu na yale iliyopangiwa, na kwa hiyo baadhi ya magari huwekewa zaidi ya moja. Joto hubadilisha mwendo wa sauti, kutoka takribani mita 334 kwa sekunde katika nyuzi 5 za Selsiasi, kama asubuhi za Juni na Julai huko Mbeya, hadi mita 366 katika nyuzi 60 chini ya boneti. Masafa ya chumba huhama kwa kiasi hicho hicho. Wembamba wa hewa ya milimani, kwa upande wake, haubadilishi masafa hayo, kwa kuwa mwendo wa sauti hutegemea joto na si kanieneo.

Sikio nalo lina mvumo wake

Mwili wa binadamu una rizoneta yake. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takribani sentimita 2.5, uko wazi upande wa nje na umezibwa na kiwambo upande wa ndani. Kwa kanuni ile ile ya robo ya wimbi, mfereji huo huongeza nguvu ya sauti za karibu hezi 3,000. Ongezeko hilo lina manufaa makubwa, kwa kuwa konsonanti nyingi za usemi hutegemea masafa ya juu. Lakini lina gharama: kelele inayoingia katika masafa hayo hufika ndani ikiwa imeongezewa nguvu.

Ndani zaidi kuna koklea, kiungo chenye umbo la nyumba ya konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 katika kila sikio, ambazo hugeuza mitetemo kuwa ishara za neva. Kelele kubwa huzichosha seli hizo. Zikipewa mapumziko baadhi hupona, na ndiyo maana masikio yaliyoziba baada ya safari yenye kelele yanaweza kuzibuka kesho yake. Kelele ikirudiwa kwa miezi na miaka, seli hufa. Katika binadamu seli hizo hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirejesha. Uharibifu huanza kwa kawaida kati ya hezi 3,000 na 6,000, hasa karibu na 4,000, na katika picha ya kipimo cha usikivu huonekana kama shimo.

Mgonjwa wa hatua hiyo haoni kuwa ni kiziwi. Husikia mtu akiongea, ila hapambanui maneno. Sauti za "s", "sh" na "f" humchanganya: "suka", "shuka" na "fuka" huwa kama neno moja. Hulaumu wenzake kwamba wanamung'unya maneno, huongeza sauti ya redio, huepuka mikutano. Wengine husikia mlio wa kudumu masikioni pasipo chanzo cha nje, hasa usiku. Kwa kawaida familia hutambua tatizo kabla ya mwenyewe.

Kelele ina dozi

Kama dawa, kelele hupimwa kwa kiwango na muda. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu na muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, 97 kwa dakika 30, na 100 kwa dakika 15. Asiye na kifaa cha kupimia anaweza kutumia kanuni rahisi: ikiwa watu wawili waliosimama kwa umbali wa mkono mmoja hulazimika kupaza sauti ili wasikilizane, kelele hiyo huenda imefikia kiwango cha hatari.

Ni lazima kusema kwa usahihi rizoneta inalinda nini. Sauti nzito ya hezi 100 haiumizi koklea kwa kiwango sawa na sauti ya hezi 3,000. Vipimo vya kelele kazini huipunguzia takribani desibeli 19 kwa sababu hiyo. Madhara yake hupitia njia nyingine. Kwanza, sauti nzito hufunika sauti nyembamba ndani ya sikio, hivyo usemi, honi na king'ora husikika kwa shida. Pili, dereva hujibu kwa kuongeza redio, ambayo imejaa masafa yale yanayoumiza. Tatu, mngurumo wa saa nyingi huchosha. Na rizoneta ikiondolewa pamoja na boksi zima la ea klina, au ikiachwa na tundu wazi, mvumo wa hewa na mluzi wa turbo ambao boksi na mabomba yalikuwa yakiuzuia hutoka nje pia. Hapo kelele huwa ya masafa yote, na anayeipokea kwa muda mrefu zaidi ni fundi aliyeinama juu ya injini, boneti ikiwa wazi.

Hasara nyingine ni ya injini yenyewe. Katika magari mengi rizoneta hufungwa baada ya chujio la hewa. Ikipasuka, au ikitolewa bila tundu kuzibwa kwa uthabiti, vumbi la barabarani huingia kwenye silinda bila kuchujwa, likala ringi za pistoni na kuta za silinda. Mwenye gari anayepuuza afya ya sikio lake bado ana sababu ya kifedha ya kukarabati chumba hicho.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na takribani milioni 430 kati yao wanahitaji huduma ya utengamao. Sehemu ya upungufu huo inazuilika, na uzuiaji huanzia kwenye maswali yanayoulizwa katika zahanati na kituo cha afya.

Mgonjwa anayelalamikia masikio aulizwe kazi anayofanya sasa na alizowahi kufanya. Dereva wa lori na msaidizi wake, fundi wa gereji, mwendesha trekta au pawatila katika mashamba ya mpunga ya Usangu, mwendesha mashine ya kusaga na mkata mbao kwa msumeno wa injini huko Mufindi, wote ni wa kundi moja la hatari. Aulizwe kama masikio huziba au kulia baada ya kazi, kama husikia vizuri zaidi baada ya likizo, na kama chombo anachotumia kimetolewa sehemu za kupunguza kelele.

Masikio yachunguzwe kwa otoskopu ili kutofautisha nta, kiwambo kilichotoboka na usaha wa muda mrefu, kwa kuwa hayo yana tiba yake. Uma wa sauti wa hezi 512 husaidia kujua kama tatizo liko katika upitishaji wa sauti au katika koklea na neva. Hata hivyo, masafa ya uma huo ni ya chini kuliko eneo linaloumizwa kwanza na kelele. Mgonjwa akiufaulu hapaswi kuambiwa kuwa yuko salama. Mwenye historia ya kelele na dalili apewe rufaa kwenda kupimwa usikivu kwa mashine.

Dawa nazo zizingatiwe. Gentamaisini na streptomaisini zinaweza kuua seli zile zile zinazouawa na kelele, na sikio lililokwisha kudhoofika lina akiba ndogo. Kwa mgonjwa wa aina hii, dawa hizo zitumike pale tu zinapohitajika kweli, kwa dozi sahihi, na mgonjwa aelezwe dalili za kuripoti mapema.

Dalili moja haisubiri. Mtu aliyepoteza usikivu wa sikio moja ghafla, ndani ya siku chache, asipewe matone na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili. Hiyo ni dharura. Tiba yake huwa na manufaa zaidi inapoanza mapema, na rufaa itolewe siku hiyo hiyo.

Ushauri kwa dereva, fundi na mwajiri

Kanuni ya afya kazini ni kwamba kelele huzuiwa kwanza kwenye chanzo, kisha kwenye njia yake, na mwisho kwenye sikio la mtu. Rizoneta nzima iachwe mahali pake. Iliyopasuka ibadilishwe, au izibwe kwa gundi inayostahimili joto na mafuta hadi nyingine ipatikane. Mipira ya hewa ikazwe kwa klipu, kifuniko cha boksi la ea klina kifungwe pande zote, na ekzosi iliyotoboka ichomelewe. Injini isijaribiwe kwa mzunguko wa juu ndani ya banda lenye kuta za bati ambazo huirudisha sauti. Gari litolewe nje.

Fundi avae vifunika masikio au vizibo wakati wa kujaribu injini, kugonga bodi na kukata chuma. Pamba ya kawaida haitoshi. Dereva aliye barabarani hapaswi kuziba masikio kiasi cha kutosikia honi na ving'ora. Kinga yake bora ni gari lililotengenezwa vizuri, madirisha yaliyofungwa inapowezekana, redio ya wastani na mapumziko mahali patulivu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa fidia kwa magonjwa yatokanayo na kazi. Kipimo cha usikivu kinachofanywa mtu anapoajiriwa ni ushahidi wa thamani, kwa sababu bila hicho ni vigumu kuonyesha upungufu ulianza lini. Lakini mafundi wengi wa gereji ndogo hujiajiri wenyewe, nao hawana mwajiri wa kuwapeleka kupimwa. Kwa hao, zahanati ya mtaa inaweza kuwa mahali pa pekee pa kuulizwa habari za masikio yao.

Mgonjwa ambaye usikivu umekwisha kupungua bado ana msaada. Vifaa vya kusaidia kusikia huweza kumrudishia mazungumzo, na familia humsaidia kwa kumtazama usoni wanapoongea na kutamka taratibu bila kupiga kelele. Kilichobaki cha usikivu wake ndicho cha kulindwa, na ulinzi huo unaweza kuanza kwa kuuliza gereji kilikokwenda chumba kidogo cha plastiki kilichokuwa kando ya ea klina.